Mashindano ya Ufukara

Mjomba wangu, afisa mipango wa mkoa, alikwenda makao makuu na suti mpya na hotuba ndefu ya kusifu maendeleo yetu. Siku hiyo hali ya maisha ya kila mkoa ilikuwa inalinganishwa hadharani. Kabla hajaitwa, akanong'onezwa kwamba mkoa utakaoshika mkia ndio utakaopewa mradi wa maji.

Akaikunja hotuba, akavua tai, akapanda jukwaani na uso wa msiba.

"Waheshimiwa, kwetu hali ni mbaya. Zahanati zipo, lakini dawa hakuna."

Mwenzake wa mkoa jirani, ambaye asubuhi alikuwa akijigamba kwa barabara za lami, naye akasimama. "Afadhali wenzetu wana zahanati. Sisi wajawazito tunawabeba kwa machela."

"Kumbe machela mnazo?" mjomba akamuuliza. "Sisi tunabebana mgongoni."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mwenyekiti akaupa mradi mkoa wa tatu, ambao mjumbe wake hakufika kabisa kwa sababu daraja lao lilisombwa na mafuriko. Wenye mafuriko ndio wakapewa maji.

Mjomba alirudi nyumbani amenywea, akamsimulia mkewe yote.

"Yaani hata umaskini umetushinda," akasema.

"Hujashindwa, baba watoto. Umetangazwa tajiri." Mkewe akamsukumia ndoo tupu. "Sasa nenda mtoni, tajiri, ukanichotee maji. Na suti usivue, watu wayaone maendeleo."