Zamu ya Generosa Kuwa Mama

Vitabu vilikuwa vichache, wanafunzi wengi. Ndiyo sababu Mwalimu Badru aliwagawa kidato cha tatu katika makundi, kila kundi likapewa nakala moja iliyochakaa ya tamthiliya. Akawaambia wataisoma tamthiliya hiyo kwa kupokezana, na yale ambayo kitabu hakisemi watayatafuta mtandaoni.

Ilikuwa mwaka 2014, katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Kasulu. Tamthiliya yenyewe ilikuwa kongwe, ya tangu enzi za babu zao. Inamhusu mama aliyeolewa mbali na kwao. Siku moja anapata habari kwamba kijijini kwao kumeingia maradhi, na wazazi wake hawana hata mtu wa kuwatekea maji. Mumewe anamkataza kwenda. Katika onyesho la mwisho mama anasimama penye kivuko cha mto, anazungumza na mwanawe aliyemwacha amelala nyumbani, kisha anavuka. Basi. Mwandishi hasemi kama alirudi.

"Mwalimu, hiki kitabu kimechanika mwishoni," Gasper alilalamika walipofika hapo.

"Hakijachanika. Mchezo umeishia hapo," alisema Mwalimu Badru. "Ninyi ndio mtakaoniambia kwa nini."

Mwalimu Badru alikuwa mtu wa Tanga. Serikali ilimpangia Kasulu akiwa bado bwana harusi mpya, na mkewe akabaki kwao. Binti yao Siti alianza kutamka maneno baba akimsikia kwenye simu tu. Wanafunzi walilijua hilo, kwa sababu wakati wa mapumziko alikuwa akipanda kile kichuguu nyuma ya jiko la shule, ambako mtandao ulishika vizuri, na walimsikia akiimba nyimbo za watoto bila kuona haya.

Kundi la tatu aliliongoza Recho, msichana mwenye sauti ya amri. Wengine walikuwa Gasper, Reverien na Generosa. Kazi yao ilikuwa kutafuta jinsi watu wa zamani walivyoliigiza lile onyesho la mwisho. Lakini kabla ya kwenda kutafuta, mwalimu alitaka wajadili kwanza: je, mama yule alikuwa na haki ya kwenda?

"Anayo," alisema Reverien. "Wazazi ni wazazi."

"Angemchukua mtoto, waende wote," alisema Gasper.

"Kwenye maradhi? Acha utani," Reverien alimjibu.

Recho akamgeukia Generosa, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo. "Gene, na wewe sema. Nakuandika nini?"

"Andika kwamba mama anayemwacha mtoto wake hana haki ya kujieleza."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, lakini Recho aliinua kalamu bila kuandika. Mwalimu Badru, aliyekuwa akipita nyuma yao, alisimama kidogo, halafu akaendelea na safari yake kati ya madawati.

Generosa alikuwa mtoto wa Melkiadi wa kijiji cha Muyama, mkulima wa maharage na kahawa. Mama yake, Niyonsaba, alikuwa Mrundi. Alifika Tanzania mdogo, kwa miguu, akiwa na wazazi wake, akakulia kwenye kambi ya wakimbizi, na alipokutana na Melkiadi sokoni akaolewa Muyama. Kiha, lugha ya hapo, na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo majirani walikuwa wakisahau kwamba hakuzaliwa hapo. Mwaka 2012 kambi ilipofungwa na watu wakaanza kurejea kwao, bibi yake Generosa naye akawa miongoni mwa waliorejea. Bibi alikuwa haoni. Niyonsaba akasema hawezi kumwacha mama yake apande lori akipapasa. Angemfikisha, amtafutie mtu wa kukaa naye, arudi kabla ya kuvuna maharage.

Maharage yalivunwa. Alipiga simu mara kadhaa, akisema bado, bado kidogo. Halafu namba yake ikawa haipatikani kabisa. Melkiadi hakugombana na mtu. Aliacha tu kulitaja jina la mkewe, na kila Generosa alipouliza, baba alinyanyuka akaenda kuangalia mbuzi.

Jumamosi, kwa ruhusa ya mwalimu, kundi la tatu lilikwenda mjini kwa Abbasi. Abbasi alikuwa na duka la kutoa fotokopi na kupiga picha za vitambulisho, na kwenye chumba cha nyuma aliweka kompyuta za intaneti. Wakati wa mvua mtandao ulikwenda kwa kusuasua, na siku ile milima yote ilikuwa imejifunika ukungu.

"Vumilieni, wanangu," Abbasi aliwaambia. "Hii kitu ina nyodo kuliko bi harusi."

Walipata kidogo kidogo. Walipata mhadhara wa profesa fulani, mrefu, wenye maneno magumu. Halafu ikafunguka picha ya rangi nyeusi na nyeupe, ya wanachuo wa zamani jukwaani. Mama wa mchezo alikuwa amesimama penye mto uliochorwa kwenye shuka, naye amewapa watazamaji mgongo.

"Sasa huyu mbona hataki tumwone uso?" Reverien akauliza.

"Labda mwigizaji alisahau maneno," Gasper alisema, wakacheka.

Generosa hakucheka. Aliitazama ile picha mpaka Recho akaifunga ili wainakili kwenye flashi. Wenzake walipotoka kwenda kununua mandazi, aliomba abaki amalizie kuandika. Recho aliporudi alimkuta ameandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia: *Niyonsaba Muyama Kasulu Burundi*. Kwenye kioo yalikuwa yamejaa majina ya watu wengine kabisa: mchezaji wa mpira, padri, mwanafunzi wa Bujumbura.

"Gene, tuna kazi ya kukabidhi Jumatatu," Recho alianza kwa ile sauti yake. Halafu akaona macho ya mwenzake. Akavuta kigoda. "Ni jina la nani hilo?"

"La mama."

 Recho akawaita wavulana, akawaambia wakae na wafunge mlango. Gasper, aliyekuwa na mikono myepesi kwenye kompyuta, alijaribu kuliandika jina kwa kila namna, akaongeza majina ya vilima na tarafa ambazo Generosa aliwahi kuzisikia kwa bibi. Hawakupata chochote. Niyonsaba walikuwa wengi kama mvua, na yule mmoja hakuwamo.

"Watu wa mashambani hawamo humu, dada," Abbasi alisema kwa upole alipokuja kufunga. "Humu wamo wenye kujitangaza."

Jumatatu walitoa taarifa yao mbele ya darasa. Mwalimu Badru aliitazama ile picha kwa muda, kisha akatangaza kwamba kidato cha tatu wataigiza onyesho la mwisho siku ya mahafali ya kidato cha nne. Wanafunzi wakapiga makofi. Mama ataigizwa na Generosa.

Alimfuata mwalimu nje. "Mwalimu, samahani, mimi siwezi. Mpe Recho. Mimi huyo mama namchukia."

"Najua. Nilikusikia."

"Sasa kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wenzako wote wanamwonea huruma, na huruma yao haijawagharimu kitu." Akasita. "Mwanangu hajanizoea, Generosa. Likizo iliyopita nilipombeba alilia, akamwita mjomba wake aje amtoe kwangu. Nami sikuondoka kwa kupenda. Ukikataa, nitampa Recho. Lakini jaribu kwanza."

Akajaribu. Wiki za mwanzo alisema maneno ya mama kama anayesoma tangazo la kijiji. Recho, aliyekuwa mwongozaji, alimkemea mpaka wakagombana. Kisha ikatokea siku moja ya mazoezi, mvua imewafungia darasani, Reverien amejilaza kwenye benchi akiwa ndiye mtoto. Generosa alifika mahali mama anaposema, "Nikikuamsha, sitakwenda, nisipokwenda, sitalala tena." Akakwama. Alikumbuka asubuhi ile ya 2012 alipoamka akakuta uji umefunikwa na mama hayupo. Miaka yote miwili alikuwa akijiuliza kwa nini hakuaga. Leo maneno yalikuwa yanatoka kinywani mwake mwenyewe.

Aliwapa wenzake mgongo. Akayasema yaliyobaki akiutazama ubao, na hakuna aliyemwambia ageuke.

Siku ya mahafali aliyasema hivyo hivyo. Wazazi walikaa kwenye viti vya kukodi, chini ya turubai. Melkiadi alikuja na koti lake la kanisani. Binti yake alipovuka ule mto wa shuka na kutokomea, watu walishangilia, lakini Melkiadi alikuwa ameinamisha kichwa. Alipoagana naye getini alisema tu, "Umefanana naye sauti," akapanda pikipiki.

Gasper aliurekodi mchezo kwa simu ya mwalimu, na Recho akauweka kwenye Facebook, akaandika jina la mwigizaji na kwamba ni mtoto wa Muyama. Wakapata sifa za wanafunzi wa shule nyingine, na dhihaka za watu waliocheka mto wa shuka. Baada ya hapo hakuna aliyeikumbuka video ile, mpaka karibu na likizo ya Krismasi, Recho alipomkimbilia Generosa akihema. Kijana mmoja wa Makamba, ng'ambo ya mpaka, alikuwa ameandika chini ya ile video: alikulia Kasulu kambini, na binti huyu anafanana na mama mmoja jirani yao anayeuza mihogo, ambaye kila siku huwauliza wapita njia habari za Muyama. Akaacha na namba ya kumpata mama huyo.

Waliipiga ile namba kwa simu ya Mwalimu Badru, juu ya kile kichuguu.

"Hallo?"

"Mama."

Upande wa pili kukawa na kelele za soko, halafu zikawa mbali, kana kwamba mtu amekwenda kusimama nyuma ya kitu.

"Generosa? *Mwana wanje*, mwanangu, ni wewe?"

Simu iliibiwa, alisema Niyonsaba, na namba zote zilikuwa humo. Bibi hawezi kuachwa. Shamba lao la zamani walilikuta na watu wengine, wanaishi kwa kujishikiza. Alisema mengi kwa haraka. Generosa alikuwa ameandaa maswali makali tangu akiwa kidato cha kwanza, na sasa hakuliona hata moja.

"Utarudi?" aliuliza.

"Bibi yako akipumzika, nitarudi. Siwezi kuomba apumzike, Gene. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

Na kweli alimwelewa, jambo ambalo halikumpunguzia kitu. Kumkosa mtu uliyemkasirikia kulikuwa rahisi kuliko kumkosa huyu. Kila Jumapili walizungumza, na kila Jumapili ilipokwisha, alikuwa mtu wa kutazama milima ya Burundi inayoonekana kwa mbali kutoka kwao Muyama, akihesabu kwamba ni karibu hivi na bado ni mbali hivi.

Bibi alifariki masika ya 2015. Niyonsaba alisema atamaliza matanga, kisha atakuja kupitia mpaka wa Manyovu. Melkiadi alisikia, akapiga lipu ukuta wa chumba bila kumweleza mtu kwa nini. Lakini kabla matanga hayajaisha, vurugu zikaanza huko Burundi. Watu walikimbia kwa maelfu, na simu ikawa haipatikani tena.

Generosa alikuwa kidato cha nne sasa, na mitihani ilikuwa mbele. Alisoma huku kitabu kikiwa wazi ukurasa mmoja asubuhi nzima. Watu wa Kasulu waliona magari yakipita yamejaa familia na magodoro, na kila gari lilipopita alisimama barabarani akitazama nyuso. Mwezi wa kumi ndipo namba ngeni ilipoita kwa Mwalimu Badru. Niyonsaba alikuwa Kibondo. Yeye na majirani zake walisukumwa na mkondo wa watu, wakavuka mahali pasipokuwa na njia, wakaandikishwa, wakapelekwa kwenye kambi iliyofunguliwa upya. Kutoka nje hakuruhusiwi bila kibali.

Mwalimu alimwombea Generosa ruhusa. Melkiadi alimsindikiza stendi, akampa kitenge kilichofungwa fundo na maharage ndani.

"Baba, twende wote."

"Tangulia wewe. Mimi nikimwona kwanza nitasema maneno mabaya, na sio niliyoyakusudia."

Basi lilipita Makere, vumbi jekundu likaingia kila mahali. Pembeni ya kambi kulikuwa na soko ambalo wenyeji na wakimbizi walikutana kuuziana vitu, na hapo ndipo Niyonsaba alipomwelekeza asimame. Generosa alitazama wanawake wengi. Aliyemgusa bega alikuwa mfupi kuliko alivyomkumbuka, shavu limeingia ndani, kitambaa cha kichwa si chake.

Walishikana hapo katikati ya njia mpaka mtu mwenye mkokoteni akaomba apite.

Baadaye walikaa kwenye gogo, wakala muhogo wa kuchoma. Mama alimshika vidole kimoja kimoja kama anayekagua. "Nilikuona," alisema. "Yule kijana alinionyesha kwenye simu yake. Kisimu kidogo, sura sikuiona vizuri. Ulikuwa umegeuka. Lakini nilisikia ulichosema."

"Ni maneno ya kitabu, mama."

"Aliyekiandika aliwahi kuondoka mahali," Niyonsaba alisema.

Jua lilipoanza kushuka kengele ikagongwa, na watu wa kambini wakaanza kukusanya vitu vyao. Generosa alimshika mama mkono. "Nibaki. Mtihani nitafanya mwakani."

"Hapana. Utakwenda, utafanya mtihani wako." Mama hakulegea. "Safari hii ni mimi ninayebaki, na wewe unaniaga mchana, tukionana macho kwa macho. Haya, niage."

Akamuaga. Ilimchukua muda, na basi la mwisho la Kasulu lilikuwa tayari limewasha injini.

Mitihani aliifanya mwezi wa kumi na moja. Siku ya pili baada ya kumaliza, Melkiadi alinyoa ndevu, akavaa lile koti la kanisani, akaenda Kibondo peke yake. Alikaa huko zaidi kuliko walivyotarajia, akifuatilia ofisi hii na ile kibali cha kumtoa mke wake kambini. Generosa alibaki Muyama na mbuzi. Jioni ya tatu simu iliita, akasikia sauti ya baba na ya mama, zote mbili, zikibishana nani azungumze kwanza. Alikaa chini mlangoni, akawaacha wabishane.