Kabla ya Wimbo

Baba alifika kwenye hifadhi ya sauti amevaa koti lake la harusi, ambalo sasa lilimpwaya kama la kuazima. Binti yake, mtafiti wa nyimbo za kubembelezea watoto, akamvutia kiti mbele ya kompyuta na kumvisha hedifoni.

"Hivi vidude vitanibana akili," mzee akalalamika.

"Baba, akili haikai masikioni."

"Ya kwako sijui. Ya kwangu iko humu humu, maana ndimo mama yako alimokuwa akiisemea."

Mtafiti akacheka, mara ya kwanza tangu wamzike mama. Akabonyeza kitufe. Sauti ya marehemu ikajaa chumba:

*Njoo ulale, njoo ulale,*
*mlango sijaufunga.*

Ubeti huo ndio uliompa mtafiti jina. Aliuandikia makala, akafafanua kwamba anayeitwa ni usingizi, na mlango ulio wazi ni macho ya mtoto. Wakubwa zake kazini walimpigia makofi.

Wimbo ukaisha. Mzee hakutikisika.

"Anzia mwanzo."

"Huo ndio mwanzo, baba."

"Mwanzo wenyewe. Kabla ya wimbo. Pale anapozungumza."

"Anazungumza nini?"

Mzee akavua hedifoni. "Siku ile ya kumrekodi si alikufukuza chumbani?"

Kweli alimfukuza. "Ukinikodolea macho hivyo siimbi," mama alimwambia. "Toka!" Basi akakiacha kinasa sauti kikiwaka mezani, akaenda kumsihi seremala wa jirani apumzishe nyundo yake.

"Mimi nilikuwa nje, chini ya dirisha," baba akasema. "Kabla hajaimba, alimtaja dada yako."

"Dada yangu yupi?"

"Aliyekutangulia."

Mtafiti, ambaye maisha yake yote alijijua kuwa kifungua mimba, akakigeuza kiti kumwelekea. Baba akasimulia huku akivitazama viatu vyake. Mtoto alishikwa na homa. Yeye, baba, akatumwa dawa, akakutana na rafiki njiani, wakanogewa na soga. Aliporudi alikuta mlango umeachwa wazi kumngoja, na mkewe amempakata mtoto aliyekwisha kunyamaza. Tangu hapo mama hakulitamka tena jina la mtoto mbele yake. Hakumlaumu pia. Alimpakulia, alimfulia, akamzalia mwingine, na jambo lile likabaki kati yao kama samani ambayo kila mmoja anaizunguka.

"Sisi hakutuambia. Alikiambia hicho kimashine chako. Nilimsikia akilitaja jina lile, kisha: 'Mwanangu, baba yako...' Nikakimbia. Mwanaume mzima, nikajibanza uani nimeziba masikio. Sasa hayupo, na mimi mwenyewe niko njiani. Nataka kusikia alimaliziaje. Hata kama alinitukana."

Hifadhi ilikuwa na utaratibu wake: ubaki wimbo mtupu. Vikohozi, milio ya viti, porojo za mwimbaji, vyote takataka. Naye alikuwa hodari wa kukata kwa macho. Kwenye kioo cha kompyuta, wimbo hujichora kama mawimbi yaliyopangika, na maneno hujichora kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Aliona kichaka cha nywele kabla ya wimbo wa mama yake, akakifyeka bila kukisikiliza. Kinasa sauti chenyewe, kilichokuwa kimoja ofisi nzima, kikafutwa kwa ajili ya safari iliyofuata.

"Nilikata, baba."

"Ulikata nini?"

"Maneno. Walitaka wimbo tu."

Mzee akamtazama kwa muda, kama anayejaribu kukumbuka wamejuana wapi. "Na wakati unakata, ulisikia nini?"

Angeweza kusema, amekusamehe. Neno lilikwisha kufika kwenye ncha ya ulimi.

"Usinitungie," baba akasema.

"Sikusikia kitu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa bei na kuikubali.

Mtafiti hakujua la kufanya na mikono yake. Ikafanya iliyozoea: ikatoa kinasa sauti, ikakiwasha, ikakiweka mezani. "Basi nitajie wewe, baba. Dada aliitwa nani?"

Baba akakitazama kile kitaa chekundu cha kinasa sauti. "Toka nje kwanza."

Akatoka, akaegemea ukuta wa korido. Mlango ulipofunguliwa, mzee alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti. "Tayari," akasema, akampita, akashika njia ya nyumbani.

Alipokiunganisha kinasa sauti na kompyuta, kwenye kioo ulionekana mstari mmoja ulionyooka, wenye kinundu kimoja kidogo karibu na mwisho. Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kukata. Akakirudisha. Akavaa hedifoni, akausikiliza ukimya wote wa baba yake, pumzi kwa pumzi, mpaka penye kinundu.

Kilikuwa kiti. Kililia mzee alipoinuka.