Malalamiko Arobaini Kabla Chai Haijapoa

Mimi ni fundi cherehani, na ubishi nimezaliwa nao. Kuna programu ya bure ya kompyuta ya kuchora michoro ya kukatia nguo; hutunzwa na watu wa kujitolea, nami ni mmoja wao. Kuandika programu siwezi hata mstari mmoja. Kazi yangu ni kupanga malalamiko ya watumiaji: lipi jipya, lipi limesharipotiwa, lipi halieleweki. Watengenezaji hushughulikia yaliyopangwa. Lalamiko likishafungwa, hakuna anayeliangalia tena.

Kanuni yetu ni moja: usifunge lalamiko kabla hujalijaribu mwenyewe. Sasa Alhamisi asubuhi mimi nilifunga arobaini kabla chai haijapoa. Wenzangu wakanimwagia sifa mtandaoni, nikajiona nimefika.

Ijumaa wifi yangu, dada wa mume wangu, fundi kama mimi, akaingia chumbani kwangu bila hata hodi.

"Wifi, yamenifika shingoni. Nina majoho ishirini na sita ya kwaya, yanavaliwa Jumapili. Nimekata matatu, mikono yote inaishia hapa." Akagusa kiwiko. "Kitambaa hakiruhusu kosa jingine. Nimelalamika kwenye programu, kuna kinyangarika kinajiita Sindano kikanijibu 'Limesharipotiwa', kikafunga, kikaenda zake."

Sindano ni mimi. Nilisoma "mikono mifupi", nikakumbuka lalamiko la zamani la mikono, nikafunga.

"Watu wengine hawana haya," nikasema.

"Huyo nikimpata nitamshona mdomo."

Nikamvutia kiti. Tukaingiza vipimo vya mwanakwaya mmoja kwenye kompyuta yangu, tukachapa. Mkono ukatoka sawasawa. Wifi akanuna.

"Hebu fanya kama ulivyofanya kwako," nikamwambia, "tangu mwanzo."

Akaanza na gauni la mtoto wa chekechea alilolishona Jumatano. Kisha, bila kufungua faili jipya, akafuta jina la mtoto na vipimo vyake, akaandika vya mwanakwaya palepale. Tukachapa, tukapima kwa tepu. Mwili wa mtu mzima, mikono ya mtoto. Programu ilikuwa imeng'ang'ania urefu wa zamani.

"Kumbe kila mtu afunguliwe faili lake," wifi akasema, uso ukimchanua. "Majoho yamepona. Yale matatu nitayaunga mikono kwa kitambaa cha kola. Haya, liandike, wengine wasiharibu vitambaa. Andika nikiona."

Hapo ndipo nilipojua nimekalia kuti kavu. Ningeweza kumwambia nitaandika baadaye. Lakini nilimtazama, nikaona aibu kumdanganya mara ya pili. Nikafungua ukurasa. Jina likatokea juu: Sindano.

Wifi akalisoma, akanigeukia.

"Ni mimi, wifi. Sikulijaribu. Nisamehe."

Akanikazia macho, halafu kicheko kikamshinda, akashika meza. "Na ulivyoitikia kwamba hawana haya!"

Nami nikacheka, machozi yakinilenga. Nikalifungua upya lalamiko lake, nikaeleza hatua kwa hatua. Alipomaliza kulisoma akajifuta macho.

"Hiyo jana ulifunga mangapi?"

"Arobaini."

"Basi yamebaki thelathini na tisa," akasema, akisogeza kiti chake karibu na changu. "Tukishamaliza majoho, unayafungua yote, nami nitakaa hapahapa nikikutazama."