Moyo Ukapona, Figo Zikagoma

Mama alikuwa fundi cherehani. Daktari mpasuaji alipomwambia kuwa mishipa ya moyo wake imeziba, kwamba lazima ishonewe mingine ya kupitishia damu, alimuuliza kifundi: "Sasa utashonaje kitu kinachorukaruka?"

Daktari akacheka. Njia ziko mbili, akaeleza. Moyo unasimamishwa na mashine inazungusha damu mpaka kazi iishe. Au unaachwa upige, unatulizwa pale tu panaposhonwa. Kwa kuwa kisukari kilishazichosha figo za Mama, njia ya pili huenda ingezipunguzia msukosuko wa siku za mwanzo. "Ila siahidi kitu. Jadilianeni."

Binti yake mkubwa, mwalimu, alitaka moyo uachwe upige. Kitinda mimba, fundi umeme, aling'ang'ania mashine.

"Dada, mimi sishiki waya wenye umeme. Nazima kwanza."

"Mama si waya!"

Walibishana mpaka muuguzi akawatimua wodini. Kesho yake, mwalimu akiwa darasani, Mama alitia sahihi: mashine. Kitinda mimba alikuwa kando ya kitanda.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Moyo ulianza tena kupiga, na ukapiga sawasawa. Lakini mfuko wa mkojo ulioning'inia kitandani ulibaki mkavu. Miguu ya Mama ikavimba, uso ukaumuka, akaanza kusafishwa damu kwa mashine. Wiki zikapita, figo zikagoma kabisa.

Mwalimu alimkabili mdogo wake mlangoni mwa wodi. "Umemmaliza Mama. Wewe na umeme wako!"

Yule alimtazama Mama, akingoja aseme neno. Mama alikuwa macho, amesikia yote. Akafumba macho. Kitinda mimba akaondoka, na hakukanyaga tena pale.

Mwalimu akamfuata daktari. "Tungechagua ile nyingine, figo zingepona?"

"Labda zingeyumba kidogo tu mwanzoni. Lakini kwa figo zilizochoka vile, baadaye wagonjwa wa njia hizi mbili hawatofautiani sana. Kwa mama yako, sijui."

Alitaka aambiwe ndiyo. Hata hapana ingemtosha.

Siku moja, Mama akiwa amelazwa kusafishwa damu, mirija mkononi, alisema bila kuulizwa: "Usitafute mchawi, mwanangu. Ni mimi. Asubuhi ile mdogo wako alikuja kunisihi tufuate neno lako. Nikakataa. Niliogopa sindano kwenye kitu kinachopiga."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ungenikasirikia. Na nani angenileta huku?"

Mwalimu alitoka nje, akapiga simu.

"Mama kanieleza," alisema. "Nisamehe, mdogo wangu. Ulimi hauna mfupa."

"Wewe nilishakusamehe, dada. Ulisema usichokijua."

"Basi njoo umwone."

Kwa mbali ilisikika nyundo ikigonga ukuta.

"Yeye alikuwa anajua," akasema, na simu ikakatika.

Aliporudi ndani, Mama alikuwa amejiinua kidogo kwenye mto.

"Anakuja?"

Mwalimu akamvutia shuka mpaka kifuani, pale kwenye mshono. "Yuko kazini, Mama."

"Kazi hiyo haiishi?"

Mwalimu akageukia mashine, akajifanya anasoma namba asizozielewa.