Rebaini Alisema Ni Yeye

Rebaini ni mtu mkubwa kwao siku hizi. Wafanyakazi wa Ujerumani wamemchagua akae kwenye baraza la nchi awasemee. Tarcis, mkalimani wa misheni, kaisoma habari hiyo kwenye gazeti la mapadri. Rebaini anasema mbele za watu kwamba mwaka 1888 aligomesha waashi Bagamoyo. Hakugomesha mtu. Nilikuwapo.

Alikuwa msimamizi wetu kwenye jumba walilokuwa wakijijengea Wajerumani. Fundi seremala wa Kijerumani, suruali ina viraka magotini. Mji wake ulimfukuza kwa kuwaunganisha maseremala wakatae kazi. Hayo alitusimulia mwenyewe, kwa Kiswahili cha kuokoteza.

Jumatatu asubuhi ikaja habari kutoka Zinga: mke wangu Mwanvita ana uchungu tangu jana na mtoto hatoki. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa jengo. Akasema ukuta kwanza. Mlangoni kulikuwa na askari.

Nikapindua karai langu la chokaa. Kwetu waashi, ukipindua karai umeacha kazi, na wenzako wakikuona nao hupindua. Yakapinduliwa yote.

"Nini hii?" Rebaini akauliza.

"Tumegoma, bwana," akasema Sadallah, mpasua mawe.

"Ngoma? Ngoma wapi?"

"Hii haina mpigaji, bwana," Sadallah akacheka. "Tunakaa tu, mpaka Mwinyijuma aende kwa mkewe."

Hapo akaelewa. Uso ukamchangamka kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Mkuu akaja na askari, na Tarcis wa kumkalimania, akauliza nani kaanza. Nilikuwa tayari kusema ni mimi, na sababu yangu ni hii. Rebaini akanitangulia kwa Kijerumani kirefu, anajipiga kifua.

"Anasema ni yeye aliyewafundisha," Tarcis akatufasiria.

"Mwongo huyo! Mwambie mkuu, mke wangu..."

"Mkuu anasema basi. Ninyi hamna lenu, mmetiwa maneno. Rudini kazini."

Hakuuliza tena. Kwamba sisi tungeweza kugoma kwa akili zetu halikumwingia. Alikwisha pata Mzungu mwenzake wa kumlaumu. Rebaini akakamatwa ili apandishwe meli arudishwe kwao. Akipita alinishika bega.

"Mimi okoa wewe na kiboko, ndugu."

"Nani kakuomba?"

Akatabasamu. Nadhani hakunielewa.

Mimi niliachiwa Jumatano, ukuta ulipovuka madirisha. Nikaenda mbio hadi Zinga. Nilikuta kaburi bichi, mama na mtoto pamoja. Mkwe wangu, bibi Mwanahija, alikuwa amekaa mkekani. Nikamwamkia shikamoo.

"Jana alfajiri ndipo alipoacha kukuuliza," akasema. "Nani kakuzuia, baba?"

Nikamtaja mkuu wa jengo. Kisha nikamtaja Rebaini.