Siku Kipa Hasemeshwi

Siku ya mechi kipa hasemeshwi. Katika timu ya wanawake ya mpira wa magongo wa barafuni pale mjini Kajaani mambo yalikuwa hivyo kabla Saimi Heikkura hajajiunga nayo, na baada ya miaka kumi na tatu langoni yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Mchezaji mgeni aliyewahi kumwuliza kama amelala vizuri alikodolewa macho mpaka akahama benchi. Watu wa huku hata siku za kawaida hawana maneno mengi. Siku ya mechi ndiyo usiseme.

Jumamosi ile ya Januari Saimi aliuhitaji ukimya huo. Alhamisi, mazoezini, kisahani, kile kigumu kinachochezwa badala ya mpira, kilipigwa kwa nguvu kikamgonga kwenye kofia, juu ya sikio. Aliinuka, akacheka, akaendelea. Alipofika nyumbani alitapika. Ijumaa, kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi, alitia chumvi mara mbili kwenye unga uleule, na taa zikamchoma macho. Alijua fika kwamba ni ubongo umetikisika. Lakini Jumamosi mteuzi wa timu ya taifa itakayokwenda mashindanoni alikuwa anakuja, Saimi alikuwa na miaka thelathini na mbili, na mara mbili alikuwa amekatwa kwenye timu hiyo dakika za mwisho. Safari hii aliapa kwamba haachwi.

Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu: Elviira, kipa wa akiba, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyemkuta Alhamisi ameshikilia ukuta wa bafuni.

"Dada, mwone daktari."

"Siendi. Na wewe ukimwambia kocha, wote watasema umenichongea upate namba."

"Namba yako siitaki mimi!"

"Basi funga mdomo."

Elviira akaufunga. Kumwambia mtoto mwoga maneno kama hayo ni ukatili, na Saimi alilijua hilo hata wakati anayasema.

Jumamosi asubuhi, chumba cha kuvalia kilinyamaza alipoingia. Wenzake walimgonga magoti kwa ncha za magongo, wakapita. Kocha Rauno alimkonyeza, basi. Laiti mmoja wao angemwuliza tu leo tunacheza na nani, wangeshtuka, maana Saimi alikuwa amesahau. Hakuna aliyeuliza.

Vipindi viwili alizuia kila kitu. Mwili uliijua kazi, haukuhitaji kichwa. Cha tatu, mshambuliaji alipopiga, Saimi aliona visahani viwili. Akakifuata cha kushoto kwa mkono wake wote. Cha kweli kilimpiga usoni, kwenye wavu wa kofia, akaanguka chali na kisogo kikagonga nguzo ya goli. Elviira aliingia akilia, akamalizia dakika kumi na mbili zilizobaki.

Mwezi Machi Saimi alikuwa bado kwa mama yake, mapazia yamefungwa mchana kutwa. Kusoma hawezi, kusimama muda mrefu hawezi. Daktari alishamwambia bila kuzungukazunguka kwamba barafuni harudi. Elviira alikuja, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua koti.

"Ningesema, dada. Kila siku najiambia ningesema."

"Ungesema ningekuchukia."

"Ungenichukia ukiwa mzima."

Mama alileta kahawa, akaiweka, akatoka.

"Kuna jambo jingine," Elviira alisema. "Niliitwa kambini kwa timu ya taifa, unajua. Mteuzi akaniambia. Orodha aliiandika Jumatano, kabla hujagongwa. Wewe ulikuwa kipa wa kwanza. Hakuja kukupima, alikuja kukupa habari kwa mdomo wake. Alifika asubuhi, kabla ya mechi."

"Asubuhi?"

"Wewe ulikuwa unafunga kamba za viatu. Alishafika mlangoni."

Saimi aliinuka kwa viwiko, ingawa chumba kilizunguka. Angejua asubuhi ile, angesema kichwa kinamuuma, akalala wiki tatu, akaamka na mashindano bado yanamngoja.

"Kwa nini hakuingia?"

"Kocha alimshika mkono. Alimwambia asubiri mpaka mechi iishe, la sivyo utamrukia."

Saimi alirudi taratibu kwenye mto, akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Ni kweli," alisema. "Ningemrukia."