Kisogo cha Fundi Mbele ya Mashine

Mjinga wa siku ile alikuwa fundi cherehani mwenyewe, na hadi leo hakatai.

Miezi mitano nyuma madaktari walimpandikiza katika jicho moja kipande cha retina, lile pazia jembamba la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Sasa ilibaki kujua kama ubongo unazipata habari za jicho hilo. Ukizipata, jicho la pili nalo litatibiwa, naye atarudi kwenye meza ya kukatia vitambaa. Usipozipata, basi, ataendelea kushona foronya kwa kupapasa, kama alivyofanya miaka saba.

Wakamketisha mbele ya skrini, wakambandika nyaya kisogoni, upande ambao ubongo hufanyia kazi ya kuona. Binti aliyesimamia mashine akazima taa, akaenda kukaa nyuma yake.

"Baba, itapita mistari myeusi na myeupe. Iangalie kwa makini."

"Makini ndiyo kazi yangu, mwanangu."

Kalamu ya mashine ikachora mstari ulionyooka kama uzi uliovutwa, ishara kwamba ubongo haupokei kitu.

"Baba, unaangalia?"

"Naangalia mpaka jasho linanitoka."

Na kweli lilikuwa linamtoka. Wakarudia mara ya pili, mara ya tatu. Mstari haukushtuka hata kidogo. Binti akashusha pumzi, na pumzi ile fundi akaisikia vizuri mno. Akakaza uso wote, meno hadi masikio.

Mkewe, aliyeketi kando na mkoba mapajani, akainuka, akamchungulia.

"Mume wangu, mbona umefumba macho?"

Kumbe! Miaka saba, kila kazi ya kutaka makini, kutunga uzi sindanoni au kufuata mshono, alikuwa akiifanya macho yamefumbwa, maana kuyafumbua kulimchanganya tu. Ukimwambia "angalia vizuri", kope zinashuka zenyewe.

Akafumbua. Mistari ikapita, ukungu mtupu, lakini ikapita. Nyuma yake kalamu ya mashine ikaanza kuruka kama imekanyaga kaa la moto.

"Ubongo unapokea," binti akasema, sauti imembadilika.

Mwingine angeshukuru. Fundi akaanza ubishi.

"Basi mashine yenu ilichelewa kupata moto. Mimi na ubongo wangu tuko macho tangu asubuhi."

"Ubongo umeshaamka, mume wangu," mkewe akasema, akimfuta jasho. "Sasa tunakusubiri wewe."